Kona ya Maziwa

Mke wangu hakuujua mpira. Akiuona kwa runinga alimwonea huruma kipa, akisema amewekwa pale peke yake kama mtu aliyeadhibiwa. Lakini ni yeye aliyeiingiza hoteli yetu kwenye mpira, na kwa sababu hiyo, baada ya yeye kufariki, nilipitia miezi ya Jumapili ambazo sitaki zirudi.

Hoteli yetu ni ya maziwa. Iko mjini Nyeri, upande wa kushuka kwenda Majengo. Tunauza maziwa ya moto, maziwa lala, chai na mandazi, na mtu akitaka ndizi mbivu hakosi. Inaitwa kwa jina la mke wangu. Yeye naye alikuwa amepewa jina la mama ya babake, kama ilivyo desturi yetu kwa msichana wa kwanza. Kwa hivyo babake, mzee wa ng'ombe kule Tetu, alipolisoma jina lile juu ya mlango siku tuliyofungua, alivua kofia. Maziwa yenyewe yalitoka kwake. Shemeji yangu aliyaleta kila asubuhi kwa pikipiki, mitungi ikiwa imefungwa kwa kamba ya mpira nyuma yake.

Siku moja mkubwa wa redio ya hapa kwetu aliingia akitafuta wadhamini. Redio hiyo ni ndogo, iko ghorofani juu ya duka la mabati, na kila Jumapili alasiri hutangaza mechi za timu yetu ya mji dhidi ya timu za Karatina, Othaya, Nanyuki na kwingineko. Alituelezea jinsi mechi ilivyogawanywa. Kipenga cha kwanza kilikuwa kimechukuliwa na mwenye duka la mabati. Mabao yalichukuliwa na muuza dawa za mifugo. Mapumziko yalikuwa ya mwenye mashine ya kusaga mahindi. Mke wangu akauliza kilichobaki. Mkubwa akasema zimebaki kona na kadi za njano, na hizo kadi hakuna mtu anayetaka jina lake litajwe karibu nazo.

"Hiyo kona hupigwa mara ngapi?" mke wangu akauliza.

"Nyingi, mama. Kuna mechi haina bao hata moja, lakini sijaona mechi haina kona."

"Na bei iko chini ya bao?"

"Iko chini sana."

Mke wangu alinitazama kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Walikubaliana hapo hapo, sehemu ya malipo ikiwa pesa na sehemu ikiwa chupa kubwa ya chai na mandazi, ambazo mimi ningewapelekea watangazaji uwanjani kila mapumziko.

Alienda mwenyewe studio kurekodi tangazo. Walikuwa wamemwandikia maneno, akayaacha mezani. Akasema yake: "Kona! Ngojeni kidogo, kwanza mnywe maziwa," kisha akataja jina la hoteli, na mwisho akacheka kidogo kwa sababu aliona haya. Dada wa studio alitaka kukikata kile kicheko. Mkubwa akakataa. Basi ikawa hivi: mtangazaji akisema uwanjani kwamba ni kona, dada wa studio anabonyeza kitufe, na sauti ya mke wangu inasikika mpaka huko mlimani.

Haikuchukua muda mrefu watu wakaacha kusema kona. Wakasema maziwa. Watoto wa Skuta, tunakoishi, walisikika wakigombana kwenye vumbi kama ile ilikuwa maziwa au haikuwa. Mmoja wa watangazaji, mwalimu aliyetoka magharibi ya nchi akaoa huku, naye akalizoea neno hilo hewani: "Beki amebabaika, ametoa nje, ni maziwa." Jumatatu wateja waliingia wakimlaumu mke wangu kwamba jana aliwanyima. Naye alijibu akiwa anamimina, "Ambieni vijana wenu wasukume mpira pembeni. Ng'ombe wangu wako tayari."

Aliugua muda mfupi. Sitaandika mengi juu ya hilo. Tulimzika kwenye shamba letu, na mvua ilinyesha, na watangazaji wote wawili walikuja wakasimama nyuma kabisa.

Redio ililiweka kando lile tangazo wakati wa matanga na majuma yaliyofuata. Kisha mkubwa alikuja hotelini, akaketi ukingoni mwa benchi, akakoroga chai ambayo tayari ilikuwa imekorogwa. Aliniuliza wafanye nini. Wanaweza kuliondoa kabisa, akasema, au kulirudisha, lolote nitakaloamua mimi.

Mimi nilitaka kusema liondolewe. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini nilimfikiria baba mkwe. Alikuwa na wana wa kiume, lakini binti alikuwa mmoja, na mke wake alikuwa amemtangulia miaka mingi. Hakuwahi kusikiliza mpira maishani mwake mpaka binti yake alipopata kona. Hapo ndipo aliponunua betri mpya za redio. Nikiliondoa tangazo, ningekuwa nimemnyang'anya mzee sauti ya mtoto wake, na jina la mamake pia. Nilimwomba mkubwa anipe siku chache.

Sasa, kwetu mkwe hamwendei mzee akamuuliza mambo ya moyoni. Unamletea sukari na majani ya chai, unaongea naye habari za mvua na majani ya ng'ombe, na kama kuna neno zito unamtuma mtu. Nikamtuma shemeji. Shemeji ni mtu mwema lakini maneno yake ni machache. Kesho yake alifungua mitungi, akasema, "Mzee husikiliza. Jumapili mpira ukianza hataki mtu aongee."

Nikaona hilo ni jibu. Nikamwambia mkubwa wa redio alirudishe.

Mtu ambaye hajafika uwanja wetu hawezi kujua ilivyokuwa. Watu wa kwetu hutazama mechi huku wakiisikiliza kwa simu, kila mmoja na yake mfukoni, ili wasikie mtangazaji amesemaje juu ya kile wanachokiona. Simu hizo haziendi pamoja. Nyingine huwa mbele kidogo, nyingine nyuma. Kwa hivyo kona ilipotokea, mke wangu alianza kuongea kwenye koti la mtu upande wangu wa kushoto, akaongea tena nyuma yangu, akaongea tena kule chini kwenye wauza karanga, na kicheko chake kikaenda kikizunguka uwanja mzima mpaka mpira ukapigwa. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na chupa ya chai.

Nilianza kuwachukia mabeki. Mtu aliyetoa mpira nyuma ya goli lake nilimwona kama amenikusudia mimi. Nilikuwa naomba kimoyomoyo mpira utokee ubavuni, urushwe kwa mikono, mambo yaishe. Nikiona winga anakimbia kuelekea pembeni, niligeuka kutazama wauza karanga. Wengine waliokuwa wamenizunguka walitaka bao. Mimi nilitaka mchezo ukae katikati mpaka jua lichwe.

Yule mwalimu mtangazaji aliliona. Siku moja wakati wa mapumziko alijimiminia chai, akanitazama. "Mzee, chai yako iko na nguvu," akasema, "lakini wewe mwenyewe unakaa kama chai ya juzi." Mwenzake alicheka, yeye hakucheka. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nikiamua, niseme tu, wao wataita kona kona, bila tangazo. Nilimjibu kwamba lile tangazo si langu, ni la mzee wa Tetu. Akaitikia kwa kichwa na kumalizia andazi lake.

Ikaenda hivyo. Shemeji alileta maziwa, mimi nilibeba chai, na kila Jumapili mke wangu aliwaambia watu wangoje kidogo.

Kisha ikatokea Jumapili moja shemeji alikuwa na safari ya Nanyuki, kwenye ruracio ya rafiki yake, ile sherehe ya kupeleka mahari, na ng'ombe mmoja wa mzee alikuwa mgonjwa wa kiwele. Wanawe wengine wanaishi mbali, kwa hivyo hakukuwa na mtu wa kumsaidia kukamua. Nilimkabidhi mpishi wetu chupa ya chai aipeleke uwanjani, nikanunua sukari, mkate na mafuta ya kupikia, nikapanda Tetu.

Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Nyandarua na mashamba ya chai yalionekana nusu nusu. Mzee alinipokea vizuri. Tulimtazama ng'ombe, tukamkanda kiwele kwa maji ya moto, tukaingia ndani. Nilikuwa nimesahau saa. Yeye hakusahau. Aliiendea redio, iliyokuwa mezani juu ya kitambaa cha kushonwa kwa mkono, akaiwasha, akasema, "Mkwe, mpira umeanza," kama mtu anayemwambia mgeni kwamba chakula kiko tayari.

Ilikuwa mara ya kwanza kuketi naye mbele ya redio ile. Mazungumzo yetu yote tuliyafanya kwa Kikuyu, na hapa ninayaweka kwa Kiswahili. Lakini mpira ukianza hakukuwa na mazungumzo. Aliinamia redio, sikio mbele, mikono juu ya fimbo. Nilijiambia kwamba shemeji alisema kweli, mzee huyu anamngoja binti yake. Nikaikaza miguu yangu sakafuni nivumilie.

Mwalimu alisema winga wetu amepenya upande wa kulia. Mzee akainuka. Alisema anaenda kumwangalia yule ng'ombe, akatoka upesi kuliko nilivyojua anaweza kutembea. Ikawa kona, mke wangu akasema maneno yake, akacheka, na mimi nilikuwa peke yangu na kikombe. Mzee alirudi akasema ng'ombe anaendelea vizuri.

Mara ya pili nilikuwa tayari. Niliposikia beki amezidiwa, niliomba ruhusa niende choo. Nilisimama nyuma ya ghala la mahindi, nikatazama ukungu, nikarudi.

Mara ya tatu tuliinuka pamoja.

Mlango wa mzee ni mwembamba, na watu wawili hawapiti. Tulifika hapo kwa wakati mmoja, na kwa kuwa sisi ni wakwe, hakuna aliyeweza kumtangulia mwenzake. "Pita, mkwe," akasema. Nikasema, "Hapana, baba, tangulia wewe." Akarudi hatua nyuma anipishe, nami nikarudi nimpishe yeye. Aliniambia tena nipite, kwa kuwa mimi ndiye mgeni. Nilimwambia siwezi kumpita mzee mlangoni pake. Na wakati sisi tunapeana heshima pale kizingitini, mke wangu akaanza kuongea nyuma ya migongo yetu. Akatuambia tungoje kidogo. Tulingoja. Hatukuwa na la kufanya. Alipomaliza kucheka, mzee alikuwa ameshika mwimo wa mlango na macho yake yalikuwa yanatazama miguu yangu.

Tulitoka, yeye mbele. Tulisimama karibu na zizi. Ndani redio iliendelea kuvitangazia viti.

"Ng'ombe hana shida yoyote," mzee akasema. "Hata ile mara ya kwanza sikumwangalia."

Nilimwambia mimi pia sikwenda choo.

Akatafuta mahali pa kukanyagisha fimbo yake. Kisha akaniuliza kitu ambacho baba mkwe hamuulizi mkwe wake. "Wewe unapenda kumsikia?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ingekuwa adabu. Lakini nilikuwa nimechoka. "Hapana, baba," nikasema. "Siwezi. Kila Jumapili ni kama naambiwa upya."

"Basi kwa nini uliacha arudishwe?"

"Kwa sababu yako. Niliambiwa mpira ukianza hutaki mtu aongee."

Mzee alitikisa kichwa. "Sitaki mtu aongee," akasema, "kwa sababu nataka kujua mpira unaenda upande gani. Nikijua mapema, ninatoka nje."

Yeye aliendelea, na maneno yalimjia mengi kuliko nilivyowahi kumsikia akisema kwa mara moja. Alisema alimuuliza shemeji mimi naendeleaje, akaambiwa kwamba kila Jumapili nabeba chai uwanjani. Akaona kwamba mwanaume huyu anakwenda kusimama kule amsikie mke wake, na yeye ni nani hata azime redio. Alihofu nitakuja siku moja niongee juu ya mechi, nami nikute mzee hata hakusikiliza, nione kwamba amemsahau binti yake haraka. Kwa hivyo aliiwasha kila Jumapili, akakaa mbele yake kama mtu anayelinda moto.

"Huyo kijana wangu hajui kubeba maneno," akasema. "Maziwa anafikisha. Maneno humwagika njiani."

Hapo nilicheka. Sikukusudia. Kicheko kilinitoka kwa pua, na nilipomtazama nikaona mabega yake yanatikisika, na ng'ombe mgonjwa akageuza kichwa kututazama. Tulicheka mpaka mzee akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akajifuta macho kwa kofia. Sijui ni machozi ya namna gani. Yangu pia sijui.

Alipotulia alisema neno ambalo nimekaa nalo tangu siku hiyo. "Mimi nataka kumkumbuka," akasema. "Namkumbuka asubuhi nikikamua, nikiwa nimejitayarisha. Sitaki beki wa Karatina aniamulie ni saa ngapi."

Niliteremka mjini jioni hiyo nikiwa mwepesi, na kusema kweli wepesi wenyewe ulinitisha kidogo. Niliogopa kwamba nafurahia kumnyamazisha. Nilijipima njia nzima mpaka Skuta, na nilipofika nyumbani nilijua kwamba sivyo. Nilikuwa nimepumzika tu, kama mtu aliyetua mzigo aliodhani ni wa mwingine.

Jumatatu nilipanda ngazi za redio. Mkubwa hakuwapo. Nilimkuta dada wa studio na vile visikizio vyake shingoni, nikamwambia kwamba tangazo la kona lisichezwe tena. Alivivua akaviweka mezani. Kisha akaniambia, "Asante, baba. Mimi ndiye nilikuwa nabonyeza." Akanieleza kwamba tangu tangazo lirudishwe alikuwa anabonyeza kile kitufe, halafu anavua visikizio na kuhesabu moyoni mpaka ajue limekwisha. Hakutaka kuniuliza, alidhani linanifariji. Nilimwonea huruma sana. Aliniuliza kama alifute. Nilimwambia asilifute, aliweke pale wanapoweka vitu vyao, na siku nikitaka kulisikia nitakuja mwenyewe kwa miguu yangu. Alisema atanikalisha kwenye kiti chake na atafunga mlango.

Mkubwa alipojua, alikuja kuniambia kwamba kuna muuza chakula cha kuku anayeitaka ile kona. Nilimwambia ampe. Chai nitaendelea kupeleka, kwa sababu watangazaji wana kiu na mke wangu ndiye aliyewaahidi.

Jumapili iliyofuata mpishi wetu alipeleka chai tena, nami nilipanda Tetu, safari hii bila ng'ombe mgonjwa wa kunipeleka. Mzee alikuwa ameweka viti viwili mbele ya redio. Mechi ilianza. Winga akapenya, beki akatoa nje, na nikaona mkono wa mzee unakaza juu ya fimbo, wangu ukikaza juu ya goti. Akawika jogoo, jogoo wa redio, kwa sauti mbaya ya kukwaruza, na mtu akasifu chakula cha kuku. Nje, jogoo wa mzee akamjibu.

"Huyo wao ana homa," mzee akasema.

Tulibaki tumekaa. Kona zilikuwa nyingi siku hiyo, na katika kila moja jogoo yule mgonjwa aliwika, na sisi tulikunywa chai. Katikati ya kipindi cha pili niligundua kwamba nimesogeza kiti mbele, na kwamba namlaumu kiungo wetu kwa sauti kwa kukaa na mpira, na kwamba mzee anamtetea.

Shemeji aliingia jua likielekea kuzama, akavua buti mlangoni. Aliuliza nani ameshinda. Lilikuwa swali dogo, lakini mimi na mzee tulitazamana, kwa maana kwa miezi yote ile, tukiwa tunaogopa kona tu, hakuna hata mmoja wetu ambaye angeweza kulijibu.

"Kaa chini," mzee akamwambia, akaanza kumchorea bao la kwanza sakafuni kwa ncha ya fimbo.